Mimba ya wiki nane: "bado ni damu tu"?

Dada wa Igoma, unauliza nani yuko sahihi kuhusu mimba ya mdogo wako: shemeji anayesema wiki nane ni damu tu, au mama anayesema ni mtu tayari. Shemeji kateleza, wiki ya nane altrasaundi kwa kawaida huonyesha moyo ukidunda. Ila kudunda huko hakumalizi ubishi. Kanisa Katoliki linataka uhai ulindwe tangu mimba kutungwa. Wanazuoni wengi wa Kiislamu husema roho hupulizwa siku ya 120, na wengi wao hata kabla ya hapo hawaruhusu kutoa bila sababu nzito. Mimi niko na mama yako, lakini si kwa kumpigia binti kelele.

Yeye mwenyewe mmemuuliza? Mpwa wangu nilimkuta soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, anafunga magunia ya dagaa huku machozi yanamtoka. Alichoogopa ni kufukuzwa nyumbani, basi. Tulipomwambia hafukuzwi, alilala.

Sheria yetu Tanzania hairuhusu kutoa mimba ila kuokoa maisha ya mjamzito, kwa hiyo vidonge vya kichochoroni avikatae. Na kama keshameza kitu na damu inatoka, mkimbizeni hospitali leo, maswali baadaye.