Ukikimbia Moshi, Anza kwa Kupanda

Nimekulia Tanga. Mbio zangu zote za usichana nilizifanya Raskazoni, upepo wa bahari usoni na barabara imelala kama mkeka. Kwa hiyo nilipohamia Moshi kikazi nilijihesabu mkimbiaji. Asubuhi ya kwanza nilivaa raba, nikatoka getini, nikaiacha miguu ichague njia. Ikachagua chini. Nikateremka kuelekea upande wa TPC, kwenye shamba kubwa la miwa la kampuni ya sukari, nikiwa mwepesi kama nimepewa miguu mipya, nikajisifu moyoni kwamba hewa ya huku imenipenda. Baada ya nusu saa hivi nikageuka nirudi. Sikufika hata robo ya njia. Vigimbi viligeuka mawe, jua likawa limeshapanda, na mfukoni sina hata shilingi mia. Kijana wa bodaboda aliyenibeba kwa mkopo alicheka njia nzima. "Dada, si ungeanza na kupanda?"

Ndiyo somo lenyewe hilo, na ukilishika, mengine utayazoea tu. Moshi, anza kwa kupanda. Panda ukiwa na nguvu, na zikiisha, mlima wenyewe utakurudisha nyumbani. Ukianza kwa kushuka, unakopa, na deni utalilipa juani.

Wenyeji wanalijua hili bila kufundishwa. Huku huwezi kusikia sana habari za kaskazini na kusini. Mtu "anakaa juu", Kibosho au Uru, halafu "anashuka" mjini. Kwa hiyo ukiuliza njia, usiulize tu inakwenda wapi. Uliza inapanda au inashuka.

Ugumu ni kwamba mteremko wa mjini hauonekani. Kilimanjaro ni mkubwa mno, mita 5,895, hata ukiwa umesimama kwenye mguu wake unaona uko tambarare. Kutoka stendi kwenda mtaa wa Shanty Town utaapa kwamba hakuna mlima. Mimi niliacha kuyaamini macho yangu, nikaanza kuwatazama wabeba ndizi wa baiskeli. Wakienda wamekaa kwenye kiti, miguu imetulia, breki zinalia, ujue ni mteremko. Wakishuka kwenye baiskeli na kuanza kusukuma, mgongo umepinda, ujue hata kama macho yako hayaoni kitu, pale ni mlima.

Utaambiwa pia kwamba unachoka kwa sababu ya "hewa ya mlimani". Usikubali haraka. Katikati ya mji ni mita 800 na kitu tu kutoka usawa wa bahari, na urefu huo haukunyimi pumzi kiasi cha kukukalisha chini. Wanaotafuta hewa nyepesi kwa makusudi wanakaa Arusha, kwenye mita 1,400 hivi. Huko ndiko anakofanyia mazoezi Alphonce Simbu, aliyetuletea dhahabu ya marathoni ya dunia kutoka Tokyo mwaka 2025, kwa saa 2:09:48. Kinachokuchosha wewe Moshi ni mwinuko wa barabara, na haraka yako.

Haraka ina dawa yake, na niliipata Kibosho, sikuisoma popote. Huko juu hupiti mtu mzima ukanyamaza. Utamwamkia, naye hataishia kwenye "marahaba". Atakuuliza za nyumbani, umelalaje, na unakimbilia wapi asubuhi yote hii. Siku moja nilimpita bibi mmoja aliyebeba majani ya ng'ombe kichwani, nikatoa "Shika..." na "moo" ikakataa kutoka. Akasimama, akageuka na mzigo wake wote, akaniangalia kwa huruma. "Pole mwanangu. Nani anaumwa?" Alidhani nakimbilia msiba. Tangu siku ile kipimo changu ni hicho: kama siwezi kusema "Shikamoo mama, za asubuhi?" mpaka mwisho bila kukata pumzi, napunguza mwendo. Kama bado siwezi, natembea. Kutembea mlimani si aibu, hata kwenye mbio zenyewe watu wanatembea.

Kwa anayeanza kabisa, ambaye mara ya mwisho kukimbia ilikuwa mchakamchaka wa shule, njia yako ni Shanty Town. Kuna miti mikubwa, kivuli na magari machache, na mitaa yake imeungana kiasi kwamba ukichoka unakata kona unarudi. Dakika ishirini za kukimbia na kutembea kwa kupokezana zinatosha mwezi wa kwanza. Oktoba na Novemba mijakaranda ikichanua utakimbia juu ya maua ya zambarau. Yanateleza yakilowa, kwa hiyo angalia mguu. Tahadhari kubwa ni mbwa. Alfajiri walinzi wanafungua mageti, nao wanatoka kunyoosha miguu. Ukikimbia watakukimbiza. Simama, tembea taratibu, msalimie mlinzi kwa sauti. Mbwa akisikia mnaongea, mara nyingi anapoteza hamu.

Ukishaweza kilomita tano bila kusimama, nenda tambarare. Upande wa TPC, kusini mwa mji, ardhi inatulia na miwa inaanza. Huko unaweza kushika mwendo mmoja kwa muda mrefu, jambo ambalo mlimani haliwezekani. Mimi siku hizi napanda daladala mpaka chini, nakimbia hukohuko kwenda na kurudi, halafu napanda gari kurudi mjini. Wengine wananicheka. Wacheke. Barabara za ndani ya shamba ni za kampuni, uliza kabla hujaingia. Na uwe umemaliza kabla ya saa mbili na nusu, maana kwenye miwa hakuna kivuli, na joto la Januari na Februari halina masihara.

Msitu wa Rau nao uko upande wa chini, na kwangu ndio njia nzuri kuliko zote. Udongo laini, ubaridi, mbega weupe juu ya miti, na ukitoka unakutana na mashamba ya mpunga. Ni msitu wa hifadhi, kwa hiyo ripoti kwanza na ufuate utaratibu wao. Mwanamke mwenzangu, usiingie peke yako, wala mtu yeyote asiingie peke yake giza likiwa bado halijatoka. Sisi tulikuwa watatu, na tulikuwa tunangojana.

Sasa Mweka, barabara inayopanda kutoka mjini mpaka geti la hifadhi ya Mlima Kilimanjaro. Kila mgeni anaitaka Mweka kwa sababu ameisikia kwenye Kilimanjaro Marathon, mbio zinazofanyika hapa tangu mwaka 2003, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kuanzia uwanja wa Ushirika. Wa kilomita 42.2 wanapelekwa kwanza barabara ya Dar es Salaam, wanarudi, ndipo wanapandishwa Mweka miguu ikiwa imeshachoka. Wa kilomita 21.1 wanauvaa mlima mapema. Kutoka mjini mpaka geti la hifadhi, lililo kwenye mita 1,640, ni kama kilomita 15, na utakuwa umepanda karibu mita 800. Huo ni mwinuko mfululizo. Hakuna mahali utakapofika useme sasa nimevuka.

Usiende mpaka getini mara ya kwanza. Panda dakika kumi na tano, geuka. Wiki ijayo ongeza tano. Mimi ilinichukua miezi minne kufika juu bila kutembea, na siku niliyofika, wawindaji wa wateja wa kupanda mlima waliniuliza kama nataka mpagazi.

Cha kuogopa Mweka ni kurudi. Kupanda kunakata pumzi, na pumzi inarudi baada ya dakika mbili. Kushuka kunavunja nyama za mbele za paja kwa sababu kila hatua zinafanya kazi ya breki, na maumivu hayaji siku hiyo, yanakuja keshokutwa wakati unataka kukaa chooni. Fupisha hatua. Usitupe mguu mbele ukatua na kisigino. Acha magoti yapinde kidogo, mikono ilegee, ushuke kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

Barabara kuu ya kwenda Arusha na Himo iache kwa malori na mabasi. Kwingine kwenye lami, kimbia upande wa kulia ili magari yaje unayaona, na alfajiri vaa nguo nyeupe, bodaboda nyingine hazina taa. Mlima wenyewe ukitaka kuuona, toka mapema. Kibo, kilele chake, hujitokeza kunapopambazuka, na ikifika saa tatu mara nyingi umeshajifunika mawingu.

Masika, Machi mpaka Mei, sahau njia za vumbi za Uru na Kibosho. Ule udongo mwekundu ukilowa unashika raba mpaka kila mguu unahisi umefungwa tofali, na kwenye kingo za mifereji utateleza mzima mzima. Miezi hiyo mimi narudi Shanty Town na wanaoanza, naenda mwendo wao. Na soksini huwa na buku mbili zimekunjwa ndani ya kipande cha nailoni, tangu ile asubuhi ya kwanza. Yule kijana wa bodaboda nilimlipa jioni yake. Bado akiniona natoka getini ananyoosha kidole: juu.