Mchanga wa ufukweni usimwekee chura

Ndugu yangu, umeuliza kama mchanga wa Coco Beach unafaa kutandika kwenye tangi la chura wako. Tafadhali usiutumie. Chura hanywi kwa mdomo, hunyonya maji kwa ngozi, na chumvi kidogo tu inamkausha. Changarawe ndogo nazo ziache: akirukia panzi huzimeza pamoja naye, zikaziba utumbo.

Tandika vumbi la makumbi ya nazi, sentimita 5 hadi 8. Dar halikosekani. Ila muulize muuzaji kama makumbi yalifukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba, maana hayo yameshiba chumvi; mimi nayakataa kabisa. Hata mengine loweka na usuuze mara tatu nne, kisha ukikamua konzi moja lisichuruzike maji. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi saa 24 klorini ipungue.

Kwa mimea, kangaga (fern) zinatosha, zinapenda unyevu na kivuli kama chura. Maua yenye miiba au utomvu mweupe usiyaweke. Na hapa naomba uwe makini sana: mche wa kitalu cha barabarani huja na mbolea na pengine dawa ya wadudu. Kung'uta udongo wote, osha mizizi na kila jani, uupande kwenye vumbi safi, ukae pembeni wiki tatu kabla haujaingia kwa chura. Ngozi yake inafyonza dawa kama inavyofyonza maji.