Mleta mada wa tamasha la mafuriko, usisaini neno "faida"

Mleta mada, unaandaa tamasha la kuwachangia waliobomolewa nyumba na mafuriko, na umeuliza wasanii gani wataujaza uwanja hapa Lindi, tiketi uuze kiasi gani na kibali kinaanzia wapi. Ngoja kwanza. Rudi kwenye ule mstari wako: "promota anabeba kila kitu, faida yote inakwenda kwa waliobomolewa nyumba." Huo mstari ndio uliotumaliza sisi mwaka 2024.

Kimbunga Hidaya kilipopita mwezi Mei na barabara ya Kusini ikakatika pale Somanga, tuliunda kamati ya watu watano tuzichangie kaya 38 zilizopoteza nyumba. Akaja promota na maneno yake matamu: nyinyi hamtoi hata senti, mimi naleta muziki, jukwaa na wasanii, faida yote yenu. Tukasaini palepale juu ya meza ya mgahawa, chai haijapoa. Hakuna aliyeuliza faida inahesabiwaje.

Juni tukafanya tamasha, watu wakajaa kweli. Tiketi 872 za shilingi 5,000, jumla 4,360,000. Kesho yake akaleta karatasi iliyochanwa kwenye daftari: muziki na jukwaa 1,500,000, nauli na malazi ya wasanii 1,450,000, jenereta na mafuta 350,000, chakula cha timu 420,000, "uratibu" 260,000. Zikabaki 380,000. Kila kaya elfu kumi! Nikamuuliza uratibu gani, maana waratibu tulikuwa sisi. Akajibu, "Mkataba unasema faida." Na malipo yote ya tiketi yalipitia laini yake ya simu, tungemshika wapi?

Pesa nilizipeleka mwenyewe. Mama mmoja aliipokea noti yake, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga. Akaniambia, "Ahsante mwanangu. Tulisikia uwanja ulijaa." Basi. Nyuma yake turubai lilikuwa limefungwa kwenye mnazi, na sufuria tatu chini. Elfu kumi hainunui hata bati moja.

Yule bwana alijua anachokifanya. Shida ya yule mama aliiandika kwa herufi kubwa kwenye bango ndipo watu wakaja. Na unajua Juni huku kwetu ilivyo: minada ya korosho haianzi mpaka Oktoba, hela ya msimu ilishaisha zamani. Mtu akikupa elfu tano mwezi huo ameitoa kwenye unga wa wanawe. Yeye akaila kama chakula cha timu.

Kwa hiyo nakuomba, pesa ya mlangoni isilipe gharama hata moja. Muziki, mafuta, nauli, vyote vipate mfadhili kabla bango la kwanza halijabandikwa. Kama hapatikani, punguza tamasha mpaka libebeke: spika mbili, ngoma za hapahapa, uwanja wa shule. Kwenye mkataba futa "faida", andika "mapato yote ya tiketi". Lipa namba iwe ya akaunti yenye watia saini watatu, promota asiwemo. Na mwone mapema Mkuu wa Wilaya, ndiye mwenyekiti wa kamati ya maafa, orodha ya kaya itoke huko na kijijini, isitoke kwa promota.

Hata wakubwa iliwakuta. Tamasha la wanamuziki George Harrison wa Beatles na Ravi Shankar wa India la kuwachangia watu wa Bangladesh, New York, tarehe 1 Agosti 1971: pesa ya mlangoni, kama dola 243,000, ilifika UNICEF, lakini mamilioni ya mauzo ya santuri yalikwama miaka kwenye mambo ya kodi, kwa sababu njia ya pesa haikupangwa kabla. Wale walikuwa na wanasheria. Wewe una nani?

Kibali anzia kwa afisa utamaduni wa manispaa, atakueleza na habari za BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Bei ya tiketi utaijua ukishajua nani analipia jukwaa.

Umesema huo mkataba mnausaini Ijumaa. Upige picha uuweke hapa, ziba majina. Nitausoma usiku huuhuu.