Mjomba na ufunguo wa kibanda

SWALI: Ndugu Mhariri, mpwa wangu na wenzake watatu wameniomba kibanda cha mbao alichotuachia marehemu baba huko Marangu, karibu kabisa na mpaka wa msitu, ili warekodi filamu ya kutisha kwa majuma mawili. Wanasema filamu za namna hiyo hazihitaji fedha nyingi, na kwamba Wamarekani walikwisha kufanya hivyo wakafanikiwa. Je, ni kweli, au wanatafuta ufunguo tu? – Mjomba, Moshi.

JIBU: Ndugu yetu, hawakudanganyi, ila wamekupa nusu ya habari. Nadhani wanaikusudia filamu ya The Evil Dead, ambayo mwongozaji Sam Raimi, akiwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 20, alianza kuirekodi mwishoni mwa mwaka 1979 katika nyumba iliyotelekezwa msituni karibu na mji wa Morristown, Tennessee. Vijana watano wanakwenda kupumzika, wanakuta kinasa sauti, na maneno yanayotoka humo yanaamsha mashetani. Hadithi ni nyepesi, na waigizaji wengi hawakuwa na jina.

Nusu waliyoificha ni hii: kabla ya kumwomba mtu yeyote fedha, Raimi na rafiki zake walitengeneza filamu fupi ya kama nusu saa mwaka 1978, wakaizungusha kwa watu wenye uwezo, wakiwamo madaktari wa meno, ili waone wanachangia kitu gani. Kisha, walipofika msituni, kazi iliyopangiwa majuma 6 ilivuta hadi yapata majuma 12, na baridi ilipowazidi wakachoma samani za nyumba ili wapate joto. Marangu usiku unaijua mwenyewe. Hesabu viti vya marehemu mapema.

Kinachotisha katika filamu ile, kwa maoni yangu, si damu, ambayo ilikuwa shira ya mahindi iliyotiwa rangi, na imemwagwa kupita kiasi. Kinachotisha ni kitu kisichoonekana kinachokimbia kati ya miti kuelekea mlangoni. Kwa kuwa hawakuwa na fedha za mitambo, waliifunga kamera kwenye ubao, watu wawili wakaushika huku na huku wakatimua mbio nao karibu na ardhi, kiasi kwamba mtazamaji anajikuta yeye ndiye shetani anayekuja. Ubao wa namna hiyo hata fundi wa Himo atawapatia kwa bei ya chai. Sauti nazo mnazo bure: mgeni aliyesikia perere, yule mnyama mdogo wa mitini, akilia usiku kwenye msitu wa Kilimanjaro, kilio kile kinachopanda kama cha mtu anayenyongwa, hahitaji kuonyeshwa zimwi.

Zimebaki taratibu. Wapate kibali cha Bodi ya Filamu, na wasivuke mpaka wa hifadhi na kamera bila ruhusa ya TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa, kwa sababu kibanda ni chako lakini msitu ulio nyuma yake si wako.

Wewe waombe kwanza filamu ya dakika 5 iliyorekodiwa uani kwako usiku mmoja. Ukiimaliza ukajikuta umesimama kukagua komeo la mlango, wape ufunguo, viti vikiwa vimeshahamishwa.