Tuna cheti cha parachichi, mnunuzi kakikataa

SWALI: Mhariri shikamoo. Sisi ni kikundi cha wakulima wa parachichi huku Njombe, tulichangishana tukailipa kampuni moja ikaja kuzunguka mashamba ikatupa cheti. Mnunuzi wa Uholanzi kakikataa, anasema hakina ithibati. Ndo nini hiyo, na kwa nini tulipe mara mbili? – Msomaji, Njombe

JIBU: Marahaba, na poleni sana, hela ya kuchangishana inauma. Iko hivi, cheti kinasema shamba lenu limekaguliwa, ithibati inasema mkaguzi mwenyewe naye kakaguliwa, yaani kuna chombo kinaenda ofisini kwake kinapekua mafaili, kinamfuata mpaka shambani kumuona anavyokagua, na kinaangalia kama hao hao wanaotoa cheti ndo wanaouzia wakulima ushauri, maana hiyo hairuhusiwi kabisa. Kwa vyeti vya mazao kama GLOBALG.A.P., yaani cheti cha kilimo bora ambacho wanunuzi wa nje hukidai, kipimo cha mkaguzi ni kiwango cha kimataifa kinaitwa ISO/IEC 17065.

Vyombo vya kutoa ithibati vipo, nchi za SADC tunayo SADCAS, makao yake Gaborone, Botswana, Kenya wana KENAS. Vyombo hivi navyo vinakaguliwa na wenzao wa nchi zingine halafu vinasaini kutambuana, kwaiyo mtu wa Rotterdam ambaye hata Njombe haijui anapokea cheti bila kutuma mtu wake aje kukagua upya. Bila hivyo kila mnunuzi angeleta mkaguzi wake na gharama ingerudi kwenu kwenye bei ya kilo.

Sasa hapa ndo wengi wanaumizwa, sikilizeni vizuri. Kampuni inaweza kuwa na ithibati ya kweli lakini ya kitu kingine, mfano inaruhusiwa kutoa cheti cha ISO 9001 ambacho ni mambo ya namna kampuni inavyosimamia ubora wa kazi zake, halafu inawauzia cheti cha shambani. Msiishie kwenye nembo, ombeni ule waraka unaoorodhesha wigo wa ithibati yao, msome kama mazao ya shambani yamo na tarehe haijapita, kisha hakikisheni kwa chombo kilichotoa. Kama ni GLOBALG.A.P., kikundi kinapewa namba ya tarakimu 13 ambayo mnunuzi anaitafuta mwenyewe kwenye tovuti yao, msipoiona pale hamna cheti.

Kwa hiyo kampuni yenu, waandikieni barua mdai huo waraka, wakishindwa kuutoa daini hela yenu. Na maabara ya kupima mabaki ya dawa muiulize hivyo hivyo, yenyewe kiwango chake ni ISO/IEC 17025.