Uvimbe wa maji kwenye figo: maswali ya wasomaji

Nina miaka 61. Altrasaundi imeonyesha uvimbe wa maji wa sentimita 4 kwenye figo ya kushoto, ingawa sina maumivu yoyote. Je, nifanyiwe upasuaji?

Hapana, iwapo daktari amethibitisha kuwa uvimbe huo una ukuta mwembamba na maji matupu ndani. Uvimbe wa aina hiyo huwapata watu wengi kadiri umri unavyosonga, na ukubwa wake peke yake si sababu ya kuukata. Ukuta ukiwa mnene au ukivuta dawa ya rangi katika CT-Scan, hapo saratani hushukiwa na matibabu huwa mengine kabisa. Muulize daktari uvimbe wako uko daraja gani la Bosniak, utaratibu wa kupanga uvimbe wa figo kulingana na uwezekano wa kuwa saratani, unaotumika tangu 1986.

Mwaka jana nilinyonywa maji kwa sindano, maumivu ya ubavu yakaisha, kisha uvimbe ukajaa tena. Sasa nimeshauriwa upasuaji wa matundu madogo. Una tofauti gani?

Sindano huondoa maji, lakini ukuta unaoyatoa hubaki palepale. Ndiyo maana uvimbe hurudi mara nyingi, hasa kama haikuingizwa dawa, kwa mfano alkoholi, ya kuukausha ukuta huo. Katika upasuaji huu utapewa dawa ya usingizi, tumbo litajazwa gesi ili kupata nafasi, kamera na vifaa vyembamba vitapitishwa kwenye matundu machache, kisha daktari atakata paa la uvimbe na kuiacha sehemu iliyoshikamana na figo, kwa kuwa huko ndiko iliko mishipa ya damu na mirija ya mkojo. Paa hilo lipelekwe maabara, usikubali litupwe. Damu kutoka, mkojo kuvuja au utumbo kujeruhiwa ni hatari zisizotokea mara nyingi, lakini ni haki yako kuelezwa kabla ya kusaini. Kwa maoni yangu ushauri uliopewa ni mzuri, kwani kutulia kwa maumivu baada ya sindano kunaonyesha kwamba chanzo chake kilikuwa uvimbe huo.

Baba ana vifuko vingi kwenye figo zote mbili. Je, upasuaji huu utamponya?

Huo ni ugonjwa mwingine, mara nyingi wa kurithi. Kukata vifuko vikubwa kunaweza kumpunguzia maumivu, lakini hakuzuii figo kudhoofika. Kudhibiti shinikizo la damu kuna manufaa zaidi. Nawe pia upimwe.

Sisi ni wafugaji wa Turkana na tunaishi na mbwa. Kuna tahadhari yoyote?

Ipo. Mwambie daktari kabla sindano haijagusa uvimbe, kwa sababu tegu wa mbwa huweza kusababisha uvimbe unaofanana na huu, na maji yake yakimwagika tumboni huweza kuleta mzio mkali na kueneza ugonjwa.