Je, maskini wa Misri ya kale nao walikaushwa?

Mkuu, umeuliza kama kila Mmisri wa kale alihifadhiwa kama Farao au maskini walitupwa tu. Hawakutupwa, ila tofauti ilikuwa kubwa mno.

Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 KK, anataja daraja tatu za kazi ya kukausha maiti, kila moja na bei yake. Kwa tajiri, ubongo ulivutwa kupitia puani kwa chuma kilichopinda, tumbo likapasuliwa na kuoshwa kwa mvinyo wa mitende, kisha mwili ukafukiwa kwenye magadi ili ukauke. Daraja la chini lilikuwa kusafisha tumbo na magadi, basi. Na wengi hata hilo hawakulimudu.

Tazama Amarna, mji wa Farao Akhenaten. Watu wa kawaida walizikwa kwenye mashimo ya mchanga, wamevikwa sanda na kuviringishwa kwenye mikeka ya vijiti. Wenye majeneza ni wachache. Mifupa ya migongo inaonyesha walibeba mizigo mizito, na wengi walikufa vijana. Hapo ndipo naumia, maana jeneza la ndani la Tutankhamun, aliyetawala muda mfupi baadaye, ni dhahabu ya takriban kilo 110.

Katikati walikuwepo mafundi. Kha, msimamizi wa wachongaji wa makaburi ya wafalme pale kijijini kwao Deir el-Medina, alizikwa kaburi moja na mkewe Merit, wakiwekewa vitanda, mikate, nguo na wigi la Merit. Merit alitangulia kufa, akalazwa kwenye jeneza lililoandaliwa kwa ajili ya mumewe. Kaburi lilikutwa mwaka 1906 halijaguswa na wezi. Vitu vyake vingi viko makumbusho ya Turin, Italia.